Sura ya Tano: Chini ya Ekari 34

Leseni ilitolewa kihalali. Hilo lisemwe mapema, maana habari za Plachimada zinaposimuliwa mara nyingi huanza kana kwamba kampuni iliruka ukuta usiku. Januari 2000, panchayat ya Perumatty, yaani halmashauri ya vijiji katika wilaya ya Palakkad, jimbo la Kerala, kusini mwa India, iliidhinisha ombi lililoletwa mezani kwake. Kampuni ya Hindustan Coca-Cola Beverages ilikuwa imepata ekari 34 hivi katika kitongoji cha Plachimada, mahali palipokuwa pakilimwa mpunga, na ilitaka kujenga kiwanda cha soda. Halmashauri ilitaka kodi, vijana walitaka kazi. Kerala inasifika kwa mvua, nani angekaa kuuliza habari za maji? Machi mwaka huohuo chupa zikaanza kutoka.

Lakini Plachimada haiko kwenye Kerala ile ya picha za watalii, ya minazi na mashua juu ya vinamasi. Iko mashariki mwa wilaya, karibu na mpaka wa jimbo la Tamil Nadu, kwenye ukanda mkavu ambako wakulima hutegemea mifereji ya umwagiliaji na visima. Chini ya udongo kuna mwamba mgumu. Maji hukaa katika tabaka la juu la mwamba uliomeng'enyeka, na chini zaidi hukaa ndani ya nyufa. Ukichimba hapa unaweza kukosa, ukichimba hatua 50 mbele ukapata maji ya kufurika. Kampuni ilichimba visima virefu sita na kufunga pampu za umeme, ikavuta pia maji ya visima vya wazi vilivyokuwa ndani ya eneo lake.

Walioishi karibu zaidi na ukuta wa kiwanda walikuwa Adivasi, wenyeji wa asili wa jamii za Eravalar na Malasar. Wengi wao ni vibarua wa mashambani, na ardhi yao ni kiwanja cha nyumba tu, wengine hata hicho si chao. Maji yao yalitoka katika visima vya pamoja, vya kamba na ndoo. Haukupita muda mrefu tangu kiwanda kianze kazi wanawake wakaanza kulalamika kwamba maji yamebadilika. Yalikuwa na ladha chungu, yaliwasha macho na ngozi, na chakula kiligoma kuiva vizuri. Anayepika kila siku hahitaji kupelekwa maabara ili ajue hilo. Maji yakiwa na chokaa na chumvi nyingi za madini, dengu hukaa jikoni hadi kuni ziishe na bado zikabaki ngumu, na sabuni husuguliwa isitoe povu. Mwaka 2003 idara ya afya ya wilaya iliiarifu halmashauri kwamba maji ya visima vya hapo hayafai kunywewa. Wanawake walikuwa wamekwisha kulisema hilo muda mrefu, na walikuwa wakitembea kilomita kadhaa kutafuta maji mengine. Kibarua anayechelewa shambani kwa sababu ya maji hukatwa ujira wake, kwa hiyo gharama ya maji yale ilianza kulipwa tangu siku ya kwanza, ila ililipwa na watu wasioandikiwa risiti.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Mayilamma, Mueravalar, mjane ambaye hakuwa amesoma shule. Tarehe 22 Aprili 2002 wakazi waliweka kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la kiwanda, wakaanza kukaa hapo kwa zamu, naye akiwa miongoni mwao. Aliyezindua mgomo huo alikuwa C. K. Janu, kiongozi wa Adivasi anayejulikana Kerala nzima kwa kupigania ardhi. Vyama vikubwa vya siasa mwanzoni havikuwa na habari nao. Chama kilichotaka viwanda hakikuona sababu ya kugombana na kiwanda, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa na wanachama ndani ya uzio. Kibanda kilikaa miaka. Mayilamma alifariki Januari 2007, kesi ikiwa bado mahakamani.

Kulikuwa na jambo jingine, la taka. Kiwanda kilikuwa kikitoa tope kutoka kwenye mitambo yake ya kusafishia maji, na tope hilo liligawiwa kwa wakulima kama mbolea. Walilipokea, wakalimwaga kwenye minazi na majaruba. Julai 2003 kipindi cha redio cha BBC kilipeleka sampuli kupimwa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na vipimo vikaonyesha madini ya risasi na kadimiamu ndani ya tope hilo. Kampuni ilikanusha kwamba lilikuwa na madhara. Sitakaa sana hapa, kwa sababu habari ya sumu, pamoja na uzito wake wote, ni nyepesi kimaadili: hakuna anayetetea kumpa jirani kadimiamu kwa jina la mbolea. Jambo gumu ni lile la maji yenyewe. Hata kama kiwanda kingekuwa safi kama hospitali, je, kilikuwa na haki ya kuyavuta?

Halmashauri ilijibu kwa silaha pekee iliyokuwa nayo. Aprili 2003 ilikataa kuhuisha leseni, ikisema uvutaji wa maji kupita kiasi umeleta uhaba. Kampuni ikaenda Mahakama Kuu ya Kerala, na hapo swali likageuka kutoka visima vya Plachimada likawa swali la kila mtu mwenye ardhi: ukinunua shamba, umenunua nini chini yake?

Jibu lililokuwa kwenye vitabu lilizaliwa Lancashire, Uingereza, mwaka 1843, katika kesi ya Acton dhidi ya Blundell. Mwenye kiwanda cha pamba alikuwa na kisima tangu 1821, maji yake yakiendesha shughuli za kiwanda. Baadaye majirani, kiasi cha robo tatu ya maili kutoka hapo, wakachimba mashimo ya makaa ya mawe, na kisima kikakauka. Mahakama ikasema mwenye kisima hana dai. Mto unaonekana, majaji walieleza, na wanaoishi kandokando yake wanajuana na kuelewana, lakini maji ya chini ya ardhi hakuna ajuaye yanatoka wapi wala yanakwenda wapi. Kwa kuwa hayajulikani, basi kila mwenye ardhi achimbe kwake, na akimkausha jirani, hiyo ni hasara isiyo na kosa. Mwaka 1895, katika kesi ya jiji la Bradford dhidi ya Pickles, majaji wa Baraza la Mabwana la Uingereza walikwenda mbali zaidi: Pickles alikuwa anatishia kuyakata maji ya jiji ili alazimishe jiji limnunue, wakasema nia yake si hoja. Haki ni haki, hata ikitumiwa kwa roho mbaya.

Utawala wa Kiingereza uliibeba kanuni hiyo hadi India, ikaingizwa kwenye Sheria ya Haki za Njia na Matumizi ya mwaka 1882, na Wamarekani wakaibeba hadi Texas, ambako bado iko hai. Mwaka 1996 kampuni ya maji ya chupa ya Ozarka ilianza kuvuta galoni 90,000 kwa siku, kama lita 340,000, katika kaunti ya Henderson. Visima vya majirani vilipungua vibaya ndani ya siku nne. Siku nne! Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Texas iliwaambia majirani hao kwamba kanuni ni ileile: anayevuta ndiye mwenye maji, na anayetaka sheria nyingine aende bungeni.

Watu huiita kanuni hii haki ya mmiliki, na hapo ndipo ninapokataa. Mwenye kisima cha Lancashire naye alikuwa mmiliki. Familia za Henderson zilikuwa na hati za ardhi zao. Umiliki ni kile kitu ambacho mwingine akikuchukulia unaweza kumshitaki, na kanuni ya 1843 haimpi mtu yeyote kitu cha namna hiyo. Inampa ruhusa ya kushindana. Mwenye pampu ya nguvu zaidi na bomba la kina zaidi anashinda, na aliyeshindwa anabaki na hati inayosema ardhi ni yake. Kampuni yenyewe haina ulinzi: akija jirani mwenye mtaji mkubwa zaidi akachimba mara mbili, soda itahamia kwake. Kwa hiyo kuzozana kama haki ya mali inapaswa kuishinda haki ya jamii ni kuanza pabaya. Plachimada ilikuwa mali dhidi ya mali, na upande mmoja ulikuwa na ndoo.

Tena msingi wa kanuni hiyo ni kutojua. Majaji wa 1843 walikuwa na haki ya kusema hawajui. Leo tunajua vya kutosha. Pampu ikivuta, uso wa maji ya ardhini huinama kuelekea bomba pande zote, kama maji yanavyoinama ndani ya faneli, na mdomo wa faneli hiyo hupanuka kadiri unavyovuta. Kisima kifupi kilicho ndani ya mdomo huo hukauka kwanza, kwa sababu uso wa maji unashuka chini ya mahali ndoo inapofika. Katika mwamba wa nyufa, kama wa Palakkad, mdomo huo hauna umbo zuri la duara. Unaweza kufuata ufa mmoja mbali sana na kumruka jirani wa karibu. Ndiyo sababu wataalamu wanaweza kubishana kwa miaka kuhusu kisima fulani, lakini kubishana kuhusu kisima kimoja si sawa na kutojua maji yanakwendaje.

Kiasi kilichokuwa kikitajwa sana mahakamani ni lita 500,000 kwa siku. Tuichukue namba hiyo tupige hesabu ya darasa la saba. Lita 500,000 ni mita za ujazo 500. Kwa mwaka mzima ni mita za ujazo 182,500. Ekari 34 ni kama mita za mraba 137,600. Gawanya, utapata mita 1.3. Maana yake ni kwamba ili ekari zile 34 zijilipe zenyewe maji yaliyokuwa yakivutwa, milimita zipatazo 1,300 za mvua kila mwaka zingelazimika kuzama zote ardhini, tone kwa tone, pasiwe na hata moja lililotiririka kwenda mtoni, lililonyonywa na jani au lililokauka juani. Hakuna ardhi ya namna hiyo duniani, sembuse ile yenye mapaa ya kiwanda na sakafu ya saruji juu yake. Kiwanda kikivuta kiasi hicho, sehemu kubwa ya maji yake ilianguka kama mvua juu ya ardhi ya watu wengine. Sijaleta hapa kipimo chochote cha kisima cha mtu wala ushahidi wa shahidi. Ni kugawanya tu.

Nadhani Jaji K. Balakrishnan Nair aliiona hesabu hiyo, ingawa aliisema kwa lugha ya sheria. Tarehe 16 Desemba 2003 aliamua kwamba maji ya ardhini ni mali ya umma na serikali ni mdhamini tu. Haiwezi kumruhusu mtu mmoja ayamalize, na kukosekana kwa sheria maalumu hakuiondolei wajibu huo. Aliegemea fundisho la udhamini wa umma, ambalo Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imelipokea mwaka 1996 katika kesi ya M. C. Mehta dhidi ya Kamal Nath, kesi ya mto Beas na hoteli iliyotaka kuugeuza. Kisha akatoa kipimo ambacho kwangu ndicho kiini cha hukumu yote: kampuni iruhusiwe kuvuta maji kama yale ambayo mwenye ekari 34 wa kawaida angeyatumia kwa kilimo na nyumba yake. Zaidi ya hapo, itafute kwingine, na ilipewa mwezi mmoja. Jaji hakusema kampuni haina haki. Alisema haki yake ina ukubwa, na ukubwa huo ni wa ardhi yake.

Februari 2004, ukame ukiwa umekaza, serikali ya jimbo ikazuia kiwanda kuvuta maji ya ardhini kwa miezi kadhaa. Machi uzalishaji ukasimama.

Halafu Aprili 2005 majaji wawili wa mahakama ileile, wakisikiliza rufaa, wakaigeuza hukumu. Walisema mtu ana haki ya kutumia maji yaliyo chini ya ardhi yake maadamu hakuna sheria iliyoandikwa inayomkataza, na halmashauri ya kijiji haiwezi kujitungia zuio kwa kunyima leseni. Waliegemea ripoti ya wataalamu walioteuliwa kuchunguza, na wakaruhusu lita 500,000 kwa siku katika mwaka wa mvua za kawaida.

Hukumu hii hutukanwa sana, na inafaa isikilizwe kwanza. Miaka ya mgogoro ilikuwa ya mvua kidogo, na ukame hukausha visima bila msaada wa kiwanda. Wakulima wakubwa wa eneo lile nao walikuwa na visima virefu na pampu, na umwagiliaji hunywa maji kuliko soda. Huo ni ukweli wa India nzima. Kumkamata mmoja kwa sababu ana jina kubwa na kuwaacha wengine ni kumfanya mbuzi wa kafara. Zaidi ya hayo, mwekezaji aliyepewa leseni na halmashauri, akajenga, kisha akanyang'anywa na halmashauri ileile kwa sababu hasira za watu zimepanda, ana malalamiko ya kweli. Hoja hizi zingekuja kutoka kwa kampuni ya wenyeji yenye jina lisilojulikana, wengi wetu tungezitikisia kichwa.

Pamoja na hayo, majaji wale wawili waliweka mzigo begani pasipofaa. Walipouliza kama imethibitishwa kwamba kiwanda ndicho kilichokausha visima, walikuwa wanamtaka mwenye ndoo alete jibu. Nani alikuwa na mita kwenye bomba? Nani alijua pampu zimekwenda saa ngapi usiku wa jana? Nani angeweza kumlipa mtaalamu wa maji ya mwamba akae msimu mzima akipima? Daftari lote la kesi lilikuwa ndani ya uzio. Kutojua kulikowalinda wachimba makaa wa Lancashire kulikuwa kwa wote. Kutojua kwa Plachimada kulikuwa kwa upande mmoja, na sheria inayompa faida mwenye taarifa kwa sababu asiyenazo ameshindwa kuzitoa, imeamua kesi kabla haijasikilizwa.

Na kuna waliopotea katika hukumu zote mbili, hata ile nzuri. Kipimo cha Jaji Nair kinafuata ekari. Kampuni ina ekari 34, ipate maji ya ekari 34. Mkulima wa ekari mbili apate ya mbili. Mueravalar aliyejengewa kibanda kwenye ardhi ya serikali apate ya ngapi? Haki ya maji ikishikamana na hati ya ardhi, asiye na ardhi anabaki na huruma ya wenye nayo. Jaji alijaribu kuziba pengo hilo kwa kurejelea haki ya kuishi iliyomo katika katiba ya India, na ni hapo udhamini wa umma unapopata maana: mdhamini anashika kwa niaba ya wote, pamoja na wasio na hati.

Waswahili wa pwani hawahitaji kwenda Lancashire wala Kerala ili wasikie fikra ya namna nyingine. Fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, imekuwa na sheria ya visima kwa zaidi ya miaka elfu moja. Inaanza na hadithi inayojulikana kwamba watu wanashirikiana katika maji, malisho na moto, kisha inakuja kwenye harimu ya kisima: eneo linalokizunguka ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba ndani yake akayavuta yale maji. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walitaja dhiraa 40 kwa kisima cha kunyweshea mifugo. Wale wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wa mwambao wetu, waliangalia zaidi mahitaji ya kisima chenyewe na mazoea ya mahali. Wanazuoni wale hawakuwa na picha za miamba wala hesabu za mtiririko. Hawakujua zaidi ya majaji wa 1843. Lakini kutojua kwao kuliwafanya wakae mbali na kisima cha mwenzao, ilhali kutojua kwa Waingereza kulikuwa ruhusa ya kukikaribia. Dhiraa 40 hazitoshi mbele ya pampu ya kuzamisha yenye bomba la mita 150, ni kweli. Ila mpangilio wa hoja ni wa kuazima: kisima kilichotangulia ndicho kinachohesabiwa kwanza, na mgeni ndiye anayeonyesha kwamba hatakidhuru.

Kwa sheria zilizoandikwa, nchi zetu ziliiacha kanuni ya Kiingereza zamani. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ni ya umma na yamekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini wa wananchi. Kenya, Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema rasilimali za maji zinashikiliwa na serikali ya taifa kwa udhamini wa watu, na katiba ya 2010 imeweka haki ya maji safi na ya kutosha kati ya haki za kila mtu. Unachonunua ukinunua shamba Kisarawe au Kajiado ni ardhi. Kuvuta maji kwa ajili ya kiwanda unahitaji kibali, Tanzania kutoka bodi ya maji ya bonde, Kenya kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Jaji Nair angelisoma jambo hili kwa wivu.

Lakini angalia kibali kinavyofanya kazi mezani. Ofisa wa bonde anapopokea ombi la kiwanda cha maji ya chupa au shamba la maua, anafungua rejista aone nani mwingine ana kibali eneo hilo. Anapata hoteli moja, shule moja ya bweni, shamba moja la umwagiliaji. Visima vya kuchimbwa kwa mkono havimo, kwa sababu sheria, kwa nia njema kabisa, imewasamehe wanaochota ya nyumbani wasihangaike na vibali. Msamaha huo unamwokolea mama mwenye kisima safari ya mjini na ada. Siku ya kugawa maji unamfanya asionekane. Kwenye rejista eneo lake ni jeupe, na maji yaliyo chini yake yanahesabika kuwa hayajagawiwa. Plachimada, asiye na hati alikosa sauti. Kwetu anaweza kuikosa asiye na kibali, ambaye sheria ilimwambia hahitaji.

Ndiyo maana sioni kwamba tatizo linamalizwa na ada kubwa zaidi, ambalo ndilo pendekezo linalopigiwa debe kila mara. Jimbo la Michigan, Marekani, liliipa kampuni ya Nestlé mwaka 2018 kibali cha kuvuta galoni 400 kwa dakika karibu na mji wa Evart, na ada ya mwaka ilikuwa dola 200 za kugharimia makaratasi. Watu walikasirishwa na dola 200, na kweli zinachekesha. Ila zingekuwa milioni mbili, mto mdogo wa jirani usingejua tofauti. Bei huamua nani analipwa. Haiamui kisima cha nani kinabaki na maji.

Ninachoona kinawezekana ni kazi ya kuchosha na ya bei nafuu. Kabla pampu haijawashwa, visima vyote vya eneo, vyenye kibali na visivyo nacho, viandikwe na kupimwa kina cha maji, kiangazi na masika. Kamba yenye uzito na alama za mita inatosha. Mwalimu wa sayansi wa shule ya kata anaweza kuwafundisha vijana asubuhi moja. Daftari likae kijijini na nakala iende kwenye bodi. Pampu ya kiwanda iwe na mita, na usomaji wake ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji pamoja na wa visima. Kisima kikishuka chini ya alama iliyokubaliwa, pampu ipunguzwe kwanza, halafu wataalamu waje kubishana kama ni ukame. Kampuni itasema hiyo ni hukumu kabla ya ushahidi. Sawa, lakini mtu mmoja lazima asubiri wakati ushahidi unatafutwa, na anayesubiri akiwa na tangi la akiba na gari la maji hasubiri sawa na anayesubiri na watoto na mtungi.

Ya Plachimada yaliendelea kwenye mafaili. Mwaka 2010 kamati ya ngazi ya juu iliyoundwa na serikali ya Kerala ilikadiria hasara ya wakazi, ya kilimo, afya, ujira na maji, kuwa rupia bilioni 2.16. Februari 2011 bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kuunda baraza maalumu la kusikiliza madai ya fidia dhidi ya kampuni. Muswada ukapelekwa Delhi kwa Rais wa India, kama katiba inavyotaka, ukazunguka wizarani kwa miaka, na haukupata sahihi. Rufaa ya kesi yenyewe ilikaa Mahakama ya Juu tangu 2005. Julai 2017 mawakili wa kampuni waliieleza mahakama kwamba haikusudii kukifungua tena kiwanda cha Plachimada, na shauri likafungwa. Majaji hawakuwa na haja tena ya kusema nani alikuwa sahihi, Jaji Nair au wale wawili, na hawakusema.